Fomu siksi nne, mzani wa jikoni na sabuni ya mche

Mimi nadarizi nembo. Nina mashine moja ya kompyuta yenye sindano kumi na mbili, imekaa chumba cha mbele cha nyumba tunayopanga Temeke, na kazi nyingi ninazopokea ni za fulana za kola, hizi ambazo Dar tunaziita fomu siksi. Mteja analeta fulana zake, natia jina la kampuni, la shule au la kikundi, nakata nyuzi zilizobaki, nakunja, anachukua. Kwa muda mrefu niliamini fulana yenyewe hainihusu. Niliona langu ni uzi tu.

Mwaka jana kina mama wa kikoba cha mtaani kwetu waliniletea fulana 32, bluu ya kukoza. Walizinunua wenyewe kwa jumla, shilingi 8,000 moja, na muuzaji akawahakikishia ni pamba tupu. Nikawadarizia jina la kikundi kwa uzi wa dhahabu, mishono kama elfu saba kwa kila kifua. Wakazivaa kwenye harusi ya binti wa mwenzao, wakapendeza kweli. Miezi miwili baadaye nikakutana na mama mweka hazina kituoni, amevaa ileile. Kola imejikunja kama jani la mgomba lililopigwa jua. Mshono wa ubavuni umehama, umekuja mbele karibu na kitovu. Bluu imepauka, imeelekea kwenye majivu. Na katikati ya hayo yote jina la kikundi linang'aa kama siku ya kwanza, limekivuta kitambaa hadi kimefanya mikunjo kulizunguka. Uzi wangu mzima, fulana imekwisha.

"Mwanangu," akaniambia, "hii mwezi ujao inakuwa dekio."

Nililala vibaya usiku ule. Nawajua wale kina mama. Kuna anayekaanga maandazi, kuna anayeuza mkaa, kuna anayefulia watu. Ile 256,000 ilitoka kidogo kidogo, na mimi ndiye niliyekuwa na kila fulana mikononi, nimeigeuza, nimeibana kwenye fremu, nimeiona tumbo lake la ndani kabla yao. Nilikuwa na nafasi ya kuwaambia rudisheni. Sikuangalia.

Kwa hiyo nimefanya hivi. Nimenunua fomu siksi nne kwa pesa yangu, zote saizi L, kutoka sehemu nne, bei tofauti. Kila moja nimeipima kwenye mzani mdogo wa jikoni. Nimeshona alama mbili za uzi mwekundu mgongoni, moja juu na moja chini, umbali wa sentimita 40 kamili, ili nijue itarudi kiasi gani. Kisha nimezifua mara kumi kwa mkono, sabuni ya mche, maji ya kisima chetu ambayo yana chumvi kama mnavyoyajua, na kuzianika juani kama anavyoanika kila mtu. Maduka sitayataja. Mzigo unabadilika kila wiki, na duka lililoniuzia kibaya leo kesho linaweza kuwa na kizuri. Ninachotaka mjue ni jinsi ya kuishika fulana mkononi ukaisoma kabla hujatoa pesa.

Ya kwanza ni nyeusi, 9,000, nilichukua kwenye meza ya barabarani Kariakoo. Nilifanya makusudi kununua kama wanavyonunua wengi: nikaigusa kwa mbele, laini, nikalipa. Mzani ukasema gramu 172. Hapo tu nilishajua. Fulana ya kola ya L iliyoshiba huwa inacheza kwenye gramu 240 hadi 280. Wauzaji wenyewe wanazungumza kwa GSM, yaani gramu za kitambaa kwa mita moja ya mraba, na utawasikia wanasema mia na themanini, mia mbili, mia mbili na ishirini. Namba hiyo mtu anaweza kuitaja tu mdomoni, na huwezi kukata mita ya mraba dukani. Lakini mzani mdogo unaingia kwenye mkoba. Mimi sasa natembea nao, na sijaona muuzaji aliyekataa.

Ule ulaini wa hii nyeusi ulikuwa wa dawa. Kiwandani kitambaa hupitishwa kwenye kilainishi kabla ya kukunjwa, kwa hiyo fulana nyembamba dukani inateleza vidoleni kama ya bei kubwa. Baada ya kuifua mara mbili ulaini ule ukaondoka na maji, ikabaki sura yake halisi, kitambaa chepesi kinachokwaruza. Ndiyo maana sikuhizi sianzi na kugusa. Naiinua kwanza kwenye mwanga, mkono wangu nikiuingiza ndani. Nikihesabu vidole vyangu vyote vitano kupitia kitambaa cheusi, naiweka chini.

Kitambaa chake pia hakikuwa cha fomu siksi. Fulana halisi ya kola hufumwa kwa mfumo unaoitwa pike. Ukiiangalia kwa karibu, uso wake una vishimo vidogo vimepangana kama sega la nyuki, na ukipitisha ukucha unasikia vinundu vinundu. Ile nyeusi ilikuwa laini kama fulana ya ndani, ule ufumaji wa kawaida unaoitwa jezi, wameitia kola tu. Hili si suala la mwonekano tu. Pike inapitisha hewa zaidi, haigandi mwilini ukitoka jasho, na mishono yake imeshikana kwa namna inayoizuia kuzunguka. Jezi nyepesi ina tabia ya kujipinda: uzi ulisokotwa upande mmoja, ukilowa unataka kujisokotoa, na fulana nzima inaufuata. Ndicho kilichowapata kina mama. Mshono wa ubavuni haukuhamishwa na mtu, umehamishwa na maji.

Unaweza kuliona hilo mapema. Shika fulana kwenye mabega, uikunje katikati kwa urefu ili mishono miwili ya mbavu ikutane, iache ining'inie. Kama pindo la chini linakwenda upande, au ubavu mmoja unamtangulia mwenzake, ilikatwa kombo na itazidi kwenda kombo. Kisha tazama zile safu za vishimo: zinatakiwa zishuke sambamba na mshono wa ubavu. Zikiukata mshono kwa mshazari, acha. Nyeusi yangu nilipoifanyia jaribio hilo nyumbani, pindo lilipishana kwa vidole viwili, na haikuwa imefuliwa hata mara moja.

Baada ya kuifua mara kumi: sentimita 40 zimekuwa 36.8. Kola imelala upande mmoja. Siwezi kumshauri mtu yeyote ainunue, hata kwa kazi ya siku moja, kwa sababu siku ile moja ikipita mtu atataka kuendelea kuivaa, ni haki yake.

Ya tatu naisema sasa kwa sababu inakasirisha zaidi. Bei 28,000, duka lenye kiyoyozi, fulana imo kwenye boksi, imefungwa karatasi laini, na kifuani ina nembo ya kampuni kubwa ya nje. Si yao. Nembo kwangu ni kazi, naijua nembo kama mwokaji anavyoujua mkate. Nilipogeuza ndani nikakuta nyuzi za rangi zinaruka kutoka sehemu moja hadi nyingine bila kukatwa, karatasi ya kushikilia kitambaa wakati wa kudarizi imebaki ngumu kama boksi la kiatu, inachoma chuchu. Mishono imerundikwa kwenye kitambaa ambacho hakiwezi kuibeba, na tayari kulikuwa na vitundu vidogo pembeni, pale sindano ilipokata uzi wa kitambaa badala ya kupita katikati. Vitundu hivyo vikifuliwa vinafunguka. Mara ya nne kufua, pembe moja ya nembo ilikuwa imeanza kuachia.

Lebo ya shingoni ilisema pamba asilimia mia. Nikafanya jaribio la moto, ambalo nawaomba mlifanye nyumbani na si dukani. Wengi wanakosea hapa: wanavuta uzi wa mshono na kuuchoma. Uzi wa kushonea mara nyingi ni poliesta hata kwenye fulana ya pamba tupu, kwa sababu ni imara, hivyo utaihukumu fulana kwa kosa lisilo lake. Kata kipande kidogo cha kitambaa chenyewe, kule ndani ya mkato wa pembeni ambapo pindo limebakiza masalio. Pamba inawaka kama karatasi, inanuka karatasi iliyoungua, na majivu yake ukiyagusa yanakuwa unga wa kijivu. Poliesta inaukimbia moto, inajikunyata, inayeyuka, kisha inaganda kuwa kishanga kigumu cheusi. Hii ya 28,000 iliwaka kidogo, ikajikunyata, ikaniachia kishanga. Imechanganywa, na mchanganyiko si wa kidogo.

Kuchanganya si dhambi. Nawadarizia madereva na walinzi fulana zenye poliesta nyingi, wenyewe wanazitaka kwa sababu zinakauka haraka na rangi inakaa. Shida ni kuuziwa kwa jina la pamba, kwa bei ya pamba, na mtu akaja kushinda nayo juani saa nane mchana. Na kuna jambo la vipele. Kila kitambaa kina nywele fupi zinazotoka nje na kujiviringisha zikisuguliwa, hasa chini ya kwapa na pale mkanda wa begi unapopita. Kwenye pamba, vipele hivyo vinakatika na kuanguka vyenyewe. Kwenye mchanganyiko, nyuzi za poliesta ni ngumu, zinavishikilia havitoki. Fulana ya boksi ilipofika kufuliwa mara ya sita ilikuwa imeota vipele mabegani kama upele wa joto. Imerudi hadi 38. Sina la kuisifia isipokuwa boksi, ambalo naweka bobini zangu.

Mama yangu alikulia Shinyanga, na alikuwa akinifundisha kuhusu pamba kabla sijajua cherehani ni nini. Alikuwa anachukua kifumba kidogo, anakishika kwa vidole vya mikono miwili, anakivuta polepole mpaka kiachane, kisha ananionyesha ncha: hizi ndefu, hizi fupi. Ndefu ndizo zinazotengeneza uzi usiotoa nywele. Viwanda vizuri vinaichana pamba kuondoa zile fupi kabla ya kusokota, vingine vinasokota zote pamoja. Kila ninapoona fulana yenye vipele namwona mama na kile kifumba. Na inaniuma kwamba sehemu kubwa ya pamba ya Simiyu, Shinyanga na Mwanza inaondoka nchini ikiwa imechambuliwa tu, halafu sisi tunakwenda Kariakoo kununua fulana iliyotoka mbali na kuulizana kama ni pamba kweli.

Sasa ya pili, ambayo ndiyo niliyokuwa naitafuta. Mtaa wa Kongo, duka dogo lenye mlango mmoja, fulana zimejaa hadi darini. Kijana akanikaribisha.

"Karibu dada, fomu siksi kali, jumla na rejareja."

"Ahsante kaka. Zenye uzito unazo?"

"Mia mbili na ishirini hizi hapa. Elfu kumi na mbili."

Akanipa ya bluu. Nikaiomba niigeuze. Akasema geuza tu. Nikaanza na mshono wa bega, nikashika kila upande nikavuta taratibu, kama unavyofungua maganda ya njegere. Pakaonekana nyuzi kama ngazi, na mwanga ukapita katikati. Hapo mishono ni michache. Nahesabu kwa ukucha ndani ya sentimita moja: nikipata minne naridhika, nikipata miwili naachana nayo. Hii ilikuwa na miwili na kipande. Shingoni ovaloki, ule mshono wa kufunga kingo, iko wazi, hakuna utepe wa kuifunika. Nikaiweka juu ya mzani: gramu 209.

Kijana alikuwa ananiangalia muda wote huo. "Dada, watu wote wanaangalia nje, wewe unaangalia ndani."

"Nje nitaangalia mwisho, kaka'angu."

Akanyamaza kidogo. Kisha akainama chini ya meza, akatoa furushi jingine, rangi ileile, kwa mbali huwezi kuzitofautisha. "Basi za wanaoangalia ndani ni hizi. Elfu kumi na tano."

Nataka muelewe nilichokiona hapo. Duka moja, rangi moja, umbo moja, na tofauti ya shilingi 3,000 tu kati ya fulana ya miezi miwili na fulana ya miaka miwili. Wala yule kijana hakunidanganya. Anauza kinachoulizwa, na wengi hawaulizi.

Hii ya chini ya meza nikaigeuza. Shingoni ina utepe, umetoka bega moja hadi jingine, umefunika mshono wote, na umesimama bila kukunjamana. Huo utepe kazi yake si urembo tu, unaibeba kola, kwa sababu kola ina uzito wake na kila siku inavutwa shingoni. Mabegani kuna ukanda mwembamba umeshonewa ndani kuyazuia yasitanuke ukiitundika kwenye hanga. Mikato ya pembeni chini imefungwa kwa mshono mnene wa kwenda na kurudi, pale ndipo fulana inapoanzia kuchanika mtu anapoinama. Pindo la chini lina mistari miwili ya uzi, imenyooka.

Kola nikaishughulikia peke yake, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu kola ndiyo inayofanya fomu siksi iitwe fomu siksi. Ikifa kola, huna tena nguo ya kwendea kazini. Kola nzuri hufumwa peke yake, nene kuliko mwili, kingo zake zimefumwa zikamalizika, hazikukatwa kwa mkasi. Niliishika kati ya dole gumba na kidole cha shahada, nikavuta kipande cha vidole vinne mpaka kikafika kama sita, nikaachia, nikahesabu moja, mbili, tatu. Ilirudi kabla sijafika tatu. Ile nyeusi ya barabarani nilipoivuta vilevile ilibaki imelegea kama mdomo wa mfuko. Kisha nikazikutanisha ncha mbili za kola mbele, zikalingana. Ncha zikipishana hata kwa nusu ya sentimita, ukifunga vifungo vyote utaonekana umevaa kombo siku nzima, na hakuna pasi inayotibu hilo.

Baadaye nikatoka nayo nje, mlangoni, juani. Mnisikilize hapa wanaonunua kwa ajili ya sare. Kola na mwili vinafumwa tofauti na mara nyingi vinatiwa rangi tofauti. Chini ya taa nyeupe za dukani bluu zote ni bluu na nyeusi zote ni nyeusi. Juani ndipo unapoona kola imeelekea zambarau na mwili umeelekea kijivu. Nimeshapokea mzigo wa fulana 50 za shule moja ambazo kola zake zilikuwa rangi tatu tofauti, na mwalimu aliyezileta hakuwa ameona mpaka nilipozipanga kibarazani. Ile niliyoshika mimi juani ilikuwa bluu moja juu hadi chini. Nikachukua kitambaa cheupe, nikakilowesha mate kidogo, nikasugua ndani ya pindo. Kikatoka na kivuli hafifu cha bluu. Kwa bluu ya kukoza hilo navumilia. Kikitoka kimelowa rangi, fulana hiyo itavipaka rangi vyote utakavyovifua navyo.

Mzani: gramu 262. Nikalipa.

Baada ya kuifua mara kumi imerudi hadi 39.1. Kola imesimama. Mshono wa ubavu uko ubavuni. Rangi imepungua kidogo mabegani, ambako jua linapiga kwenye kamba, na hilo ni kosa langu la kuianika bila kuigeuza. Nilidarizi nembo ya majaribio baada ya kuifua mara ya tano, mishono elfu nane, kwa sindano ya ncha ya duara inayosukuma nyuzi pembeni badala ya kuzikata. Kitambaa kimeibeba, hakuna mkunjo hata mmoja. Dosari ninayo moja, vifungo. Ni vya plastiki nyembamba, vimeshonwa kwa mizunguko michache, na kimoja kilining'inia kufikia wiki ya tatu. Nilivikaza vyote vitatu kwa dakika kumi, sindano na uzi wa kawaida. Ukiinunua fanya hivyo siku ileile kabla hujaivaa.

Ya nne ni mtumba kutoka soko la Karume, 7,000. Nilikwenda alfajiri siku wanayofungua belo, nikachambua mpaka mikono ikawa na vumbi la nguo kuukuu, nikaipata nyeupe ya Lacoste, lebo yake ipo, kola nzima. Kwa mtu anayedarizi, hiyo ni fulana ya kujifunzia. Yule mamba wa kijani kifuani, ndiyo nembo yao, amedariziwa pembeni kwanza, kisha akashonewa juu ya fulana ukingoni kwa uzi usioonekana. Ukigeuza ndani hakuna fujo ya nyuzi, hakuna karatasi. Vifungo ni vya gamba la chaza, lile la ndani linalometameta, vina matundu mawili. Viweke shavuni: gamba ni la baridi, plastiki inachukua joto la mkono wako mara moja.

Nayo ndiyo iliyonifanya nielewe kwa nini fomu siksi zimeumbwa hivi. René Lacoste alikuwa mcheza tenisi wa Ufaransa, enzi ambazo wachezaji waliingia uwanjani na mashati ya mikono mirefu. Mwaka 1926 akacheza mashindano ya Marekani akiwa na fulana ya mikono mifupi ya pike, nyepesi, yenye kola laini, na mwaka 1933 akaanza kuziuza pamoja na André Gillier, aliyekuwa na kiwanda cha kufuma. Kola ile unaweza kuiinua ikakinga shingo na jua. Vile vishimo ni vya jasho. Mtindo huo umebeba namba L.12.12 mpaka leo, na ile 12 ya mwisho ni jaribio la kumi na mbili, ndilo walilolikubali. Walijaribu mara kumi na mbili kabla ya kuridhika na fulana moja. Nilipolijua hilo nilizidi kuiheshimu kazi hii ya kugeuza nguo ndani na kuhesabu mishono.

Mtumba una faida moja ambayo dukani haipo. Umeshafuliwa. Kama ni wa kurudi ulisharudi, kama ni wa kujipinda ulishajipinda, na rangi iliyokuwa inataka kutoka imeshatoka kwa mwenyewe wa kwanza. Unachokiona ndicho utakachokuwa nacho. Yangu ilikuwa 40, imebaki 39.9. Uzito gramu 248. Kagua kwapani, kagua ndani ya kola kama pana weusi wa jasho uliogoma, inua juani uangalie vitundu vidogo kwenye tumbo pale mkanda unaposugua. Kwa mtu mmoja anayetaka fulana mbili tatu za kazini, nitamwambia aende Karume bila kusita. Kwa sare ya kikundi haifai, huwezi kupata 32 za rangi moja.

Kuhusu kufua sisemi mengi. Zigeuze ndani nje, zianike kwa kuning'iniza pindo na si mabega, kola ikunjuliwe ikiwa mbichi. Jiki isiguse chochote chenye rangi.

Mwezi uliopita niliwapelekea kina mama fulana ya pili na ile nyeusi, nikaziweka mezani pamoja na daftari langu la vipimo. Wakaamua kuchanga upya. Kijana wa Mtaa wa Kongo akawapa kwa jumla 13,500, jumla yake 432,000, na kudarizi sikuwatoza. Siku ya kuchukua mzigo mama mweka hazina alisema anakuja mwenyewe. Akavaa miwani, akakaa kwenye kigoda mlangoni juani, akaomba aletewe moja moja. Kila moja aliigeuza, akavuta bega, akavuta kola, akakutanisha ncha. Ilituchukua karibu saa mbili. Yule kijana mwanzo aliguna, baadaye akawa anamkunjulia mwenyewe.

Akakataa tatu. Mbili zilibadilishwa palepale. Ya tatu ncha moja ya kola ilikuwa ndefu kuliko mwenzake kwa kiasi cha ukucha, na bluu ile saizi XL ilikuwa imekwisha dukani. Tumeondoka na 31, risiti imeandikwa moja tunadai, na Alhamisi tunarudi kuichukua.